Noah ya Mke Wangu Ilichemka kwa Mkono Wangu

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha nimekaa juu ya ndoo uani kwangu Gungu, nautazama mto wa kukalia kama mtu anayemtazama mwizi wake. Kwa aliyeingia leo, nieleze kidogo tu.

Naitwa Gaudensi, fundi wa nyavu ufukweni Kibirizi. Mke wangu Leonida, Mama Skola, ana Noah ya zamani, zile ambazo injini zake ziko chini ya viti vya mbele. Ukikaa kiti cha abiria pale mbele, baada ya nusu saa makalio yanaanza kuiva. Mwaka ule alipoinunua nilipanda naye mara nne, nikaungua mara nne, nikamwambia sipandi tena gari lako. Na sikupanda.

Kisha akaja Bwana Noel, afisa kilimo kutoka Kilimanjaro, mtu wa kahawa. Kila Alhamisi anaikodi Noah kwenda Kalinzi kuwaona wakulima. Nyuma kuna viti vitupu sita, lakini yeye anakaa mbele. Na mwezi uliopita nikaukuta mto mpya juu ya kile kiti, wa kitenge cha bluu, umejazwa pamba, umeshonwa kwa mkono.

Mimi niliungua, hakuna aliyeshika sindano. Mgeni kakaa mjini miezi mitatu, kashonewa mto.

Sikuugusa. Ningegusaje kitu cha Bwana Noel? Sikumuuliza Leonida pia, maana niliogopa atanijibu. Ndipo nikafanya hili ninaloungama leo.

Ilikuwa Jumatano mchana, Leonida yuko kwenye sala za jumuiya. Mbele ya Noah yetu kuna rejeta mbili zimebebana. Kubwa ni ya maji ya injini, ndogo ni ya AC, ambayo haijatoa ubaridi tangu gari liingie uani kwetu. Katikati yake pana nafasi nyembamba. Mwaka juzi nafasi hiyo ilijaa majani na magamba ya dagaa tuliokuwa tunawabeba, upepo ukakosa njia, gari likachemka. Fundi wa kipindi kile alinionyesha kwa kidole. Nilikumbuka vizuri.

Nikachukua kipande cha wavu wa dagaa, kilichobaki kwenye kazi yangu. Wavu wa dagaa matundu yake ni madogo, ukiukunja mara nane unakuwa kama blanketi. Nikausukuma mle katikati kwa sindano yangu ya mbao mpaka ukapotea.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kwenye tambarare za mjini gari halitasema kitu. Likianza kupanda mlima wa Kalinzi, litachemka. Bwana Noel atachelewa kwa wakulima wake, atakasirika, atatafuta gari lingine, na ule mto utabaki bila mkaliaji. Sikutaka kuliua gari, Mungu ananiona. Nilitaka tu likatae kwenda na yule mtu.

Kuna jambo moja nililisahau. Kila fundi wa nyavu Kibirizi ana namna yake ya kumalizia kiraka. Mimi namalizia kwa uzi mwekundu, vifundo vitatu vilivyopandana. Mvuvi wa Mwamgongo au wa Kagunga akiviona hajiulizi kazi ni ya nani. Hata Leonida mwaka huu aliniomba uzi ule, nikamkatia pima mbili bila kumuuliza wa nini. Na kile kipande nilichokisukuma kwenye rejeta kilikuwa na kiraka changu.

Alhamisi sikushona hata tundu moja. Nilikaa ufukweni na simu mapajani. Saa nne na nusu ikaita.

"Baba Skola, gari imechemka huku mlimani. Tunasubiri ipoe."

Moyo wangu ulicheza ngoma. Nikajitia huzuni, nikamuuliza yuko na nani.

"Niko na Bwana Noel, kwani ninaenda na nani mwingine?"

Akakata. Na hapo ndipo nilipouona ujinga wangu wote. Gari likichemka, watu wanashuka. Wakishuka, wanakaa pembeni ya barabara. Mimi Gaudensi, kwa mikono yangu, nilikuwa nimewapa mke wangu na Bwana Noel saa mbili za kukaa peke yao kwenye baridi nzuri ya Kalinzi.

Leonida alirudi saa tisa akisimamasimama njiani, na alirudi anacheka. Alinisimulia yote bila kuulizwa. Mvua iliwakuta, Bwana Noel akavua koti akamfunika. Wakala mahindi ya kuchoma. Bwana Noel akateremka bondeni na dumu, akapanda na maji ya kijito, akayamimina mwenyewe kwenye rejeta, hakutaka Leonida achafuke mikono. Kila neno lilinichoma kuliko kile kiti.

"Ni mtu mwenye utu," alisema.

Nilimwambia kichwa kinaniuma, nikaenda kulala jua likiwaka.

Ijumaa asubuhi alipokuwa anaoga nikauvuta ule wavu. Ulikuwa umenasa kwenye bolti. Nikavuta kwa nguvu, ukachanika, ukatoka. Nikauficha ndani ya shati nikaenda nao Kibirizi, nikauchoma pamoja na takataka. Sikukagua kama umetoka wote. Niliona mambo yameisha, nimejifunza, na nitatafuta njia nyingine ya kumwondoa Bwana Noel.

Jumamosi Noah ikachemka tena. Safari hii haikungoja mlima. Ilichemkia Mwanga, hapahapa mjini, barabara imenyooka, ina abiria wawili tu na kapu la ndizi. Jumapili ikachemka ikiwa imesimama mlangoni, inaunguruma tu.

Leonida aliacha kucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, funguo mkononi, akaniambia kwamba gari hili ndilo linalomfanya asipige magoti kwa mtu yeyote. Likifa, atarudi kuuza mawese kwenye beseni kichwani kama alivyoanza, na magoti yake si yale ya zamani. Alisema kwa sauti ya chini, akitazama chini. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikafikiria nitakavyoeleza habari ya mto, nikaufunga.

"Nimempigia Alphonce," akasema.

Ndugu msomaji, hapo kaa vizuri.

Alphonce ni fundi magari, ana uwanja wake palepale Gungu. Pia Alphonce ndiye mtu aliyepeleka posa kwa kina Leonida kabla yangu. Wazee wa Leonida walimrudisha kwa sababu wakati ule hakuwa na kazi ya kueleweka, mimi nikapita. Hajaoa mpaka leo. Akikutana nami ananiita shemeji, kwa heshima zote, na mimi sijawahi kulipenda hilo neno kinywani mwake. Tena yeye hamwiti mke wangu Mama Skola kama watu wengine. Anamwita Leonida.

Nilitaka kumwondoa mtu wa Alhamisi, nikajiletea mtu wa kila siku.

Jumatatu gari likavutwa kwa kamba hadi uwanjani kwa Alphonce. Nilifunga kibanda changu Kibirizi nikaenda kukaa palepale, nimwangalie anavyofanya kazi. Niseme ukweli hata kama unaniuma: anajua kazi yake. Mafundi wengi ninaowajua wangeanza kwa kubadilisha vitu. Yeye alianza kwa kuuliza. Ilichemka wapi mara ya kwanza, mshale wa joto ulipanda polepole au ghafla, maji yalipungua kiasi gani. Leonida alimjibu kila swali, wamesimama karibu, na mimi nilikuwa nahesabu hatua zilizokuwa kati yao.

Alikagua mfuniko wa rejeta, akaufinya ule mpira wake kwa kidole, mzima. Akapapasa mipira ya maji mmoja mmoja, hakuna unaovuja. Mkanda wa feni umekaza. Feni inazunguka. Akainua kiti cha abiria ili aione injini, na ule mto akauondoa kwa mikono miwili, taratibu, akauweka juu ya tofali safi.

"Mto mzuri," alisema. "Nani kashona?"

"Mimi," Leonida akajibu.

Alphonce akatabasamu. Nikaliweka na tabasamu hilo kwenye orodha yangu ya wivu.

Kisha akajaza maji, akaacha rejeta wazi, akamwomba Leonida awashe. Akaniita nisogee nitazame. Ndani ya tundu la rejeta maji yalikuwa yanatoa mapovu kama uji unaoanza kuiva, mapovu yasiyokoma.

"Unaona, shemeji? Huo ni moshi wa injini umeingia kwenye maji. Gasketi ya juu imeungua."

Nikamwambia basi abadilishe gasketi, mambo yaishe.

"Gasketi haiungui bure. Kuna kitu kiliichemsha siku ile ya kwanza. Nikifunga bila kukijua, wiki ijayo Leonida atakwama tena, na labda patakuwa hakuna mtu wa kumsaidia."

Alisema Leonida atakwama. Hakusema gari litakwama.

Sasa ungamo langu la pili, na hili ni baya kuliko la kwanza. Nilipoona Alphonce anatafuta chanzo, nilimtafutia. Nikamwambia, huku Leonida anasikia, kwamba Bwana Noel alimimina maji baridi ya kijito kwenye injini ya moto. Nikauliza kama mtu asiyejua, je, hilo si tatizo?

Alphonce alikuna shingo. Akasema ndiyo, maji baridi kwenye injini inayochemka yanaweza kupinda kile kichwa cha injini na kuchana gasketi. Inawezekana kabisa.

Nikaiona sura ya Bwana Noel ikififia usoni mwa Leonida, koti na mahindi na utu wake wote. Leonida akasogea pembeni akapiga simu. Nilimsikia akisema Bwana Noel, fundi anasema ni yale maji. Halafu akasikiliza muda mrefu. Halafu akasema sawa, njoo Jumatano tuongee.

Usiku ule nililala kama mtoto aliyeshiba. Nisiwafiche.

Jumanne Alphonce alifungua kichwa cha injini, akalaza rula ya chuma juu yake, akaona kimepinda kidogo, akakipeleka kusawazishwa. Jumatano mchana kilikuwa kimerudi. Leonida alitutengenezea ugali wa muhogo na samaki, mgebuka, akaja nao kwenye bakuli. Alimnawisha Alphonce kwanza. Najua, fundi ndiye mgeni wa kazi, ndivyo inavyotakiwa. Niliona wivu hata hivyo, hadi kwa yale maji ya kunawa.

Leonida alikwenda kurudisha vyombo. Alphonce akasema kabla ya kufunga atashusha rejeta aioshe, maana hajaridhika. Nikamwambia haina haja. Akasema haja ipo. Nikamwambia jua kali, apumzike. Akaniangalia kidogo, akachukua spana.

Akaitoa ile kubwa. Akaigeuza upande wa mbele.

Pale kwenye bolti ya chini, kimeng'ang'ania, palikuwa na kipande cha wavu kinachotosha kiganja. Kilikuwa cheusi kwa vumbi. Lakini uzi mwekundu, ndugu zangu, haukuwa umechafuka kitu. Vifundo vitatu vilivyopandana.

Alphonce alikibandua taratibu. Akakipulizia.

"Magamba na majani yanaingia yenyewe," alisema. "Wavu uliokunjwa hauingii wenyewe."

Akavigeuza vile vifundo juani.

"Kibirizi nzima nani anafunga hivi, shemeji?"

"Huenda ulidondoka," nikasema. "Tulikuwa tunabeba nyavu."

"Mbele ya gari?"

Nilingoja anitukane, au acheke, au aite watu. Ningekuwa mimi, ningemwita Leonida kwa sauti ya kusikika mpaka stendi. Mwanamume aliyenyimwa mke anapewa kitu kama kile mkononi, afanye nini kingine?

Alphonce alikikunja, akakitia kwenye mfuko wa shati lake, kifuani.

"Mimi sikuja kuvunja nyumba ya mtu," alisema. "Lakini yule bwana anakuja kubebeshwa kosa lisilo lake. Hilo sitakubali lifanyike uwanjani kwangu. Utasema mwenyewe."

Hata hapo, badala ya kushukuru, nilikasirika. Kumbe hata kwa utu ananishinda. Niliona heri angekuwa mbaya, tukawa sawa.

Leonida alirudi, na nyuma yake bodaboda ikamshusha Bwana Noel, viatu vimejaa udongo mwekundu wa shambani. Akamwamkia kila mtu, akanipa mkono mimi wa kwanza. Alikuwa ameshika mfuko wa nailoni, ndani kuna boksi jembamba. Gasketi. Ameinunua kabla ya kuambiwa.

"Mama Skola, mimi mambo ya injini siyajui," alisema. "Niliona inatoa mvuke, nikadhani nakusaidia. Kama nimekuharibia, nisamehe. Gasketi hii hapa, na gharama ya fundi ni yangu."

Leonida alimjibu kwa sauti ileile ya chini ya Jumapili. Alisema hana kinyongo, lakini kuanzia sasa atafute gari lingine, maana hili sasa halina nguvu ya milima na yeye hawezi tena kukaa roho juu njia nzima. Akamshukuru kwa miezi mitatu ya kazi.

Haya, msomaji. Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo. Bwana Noel ameachishwa, mbele yangu, na mke wangu mwenyewe, mimi sijatamka neno. Nikangoja furaha ije. Nilikuwa namtazama Alphonce, na mkono wake ulikuwa kifuani.

Bwana Noel akainama, akauchukua ule mto juu ya tofali, akaukung'uta, akampa Leonida kwa mikono miwili.

"Na mto wako huu. Ahsante kwa kuniazima. Mwenyewe asije akautafuta."

Mwenyewe nani? Nilisikia joto la wivu linapanda tena, jipya kabisa. Kumbe kuna wa tatu?

Leonida aliupokea. Aliugeuza upande wa chini, ule unaolala kwenye kiti, ule ambao sikuwahi kuuona kwa sababu niliapa sitaugusa. Palikuwa na maandishi ya uzi mwekundu, herufi kubwa, zimepinda kidogo: BABA SKOLA. Na mwisho wa uzi, vifundo vitatu vilivyopandana, vimefungwa vibaya na mtu aliyejifunza kwa kutazama.

"Nilimshonea mume wangu," alimwambia Bwana Noel, wala hakunitazama. "Nilidhani akipata pa kukalia atapanda tena, twende wote Kalinzi siku moja. Niliuweka pale aukute mwenyewe. Wiki ya kwanza hakusema kitu, ya pili hakusema kitu. Ulipolalamika kiti kinachoma nikakwambia ukalie, usiharibike bure."

Bwana Noel aliangalia chini kwa aibu isiyo yake.

Nikashika mlango wa gari. Pima mbili za uzi, nilimkatia mwenyewe. Mwezi mzima nimeuonea wivu mto wenye jina langu.

"Shemeji," Alphonce akasema. Hilo tu.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, naapa. Yalifika kwenye meno yakakaa. Niliwaza Leonida na beseni la mawese kichwani. Niliwaza gasketi mkononi mwa mtu asiye na kosa. Na niliwaza, wivu hauna adabu, kwamba nikisema, Alphonce atakuwa amesimama palepale akisikia.

Nikasema, "Mama Skola, yale maji..."

Sikumaliza, maana Leonida hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anavitazama vifundo vyake kwenye mto. Kisha macho yake yakainuka, yakafika kwenye shati la Alphonce. Mfukoni, juu kidogo ya kitambaa, ncha ya uzi mwekundu ilikuwa imechungulia.

Alimsogelea akanyoosha mkono. "Hicho ni nini? Nipe."

Alphonce hakumpa. Hakuficha pia. Alisimama tu, amefunika mfuko kwa kiganja chenye grisi, na macho yake ameyaelekeza kwangu.

Leonida akageuka polepole, mto kifuani.

"Baba Skola," alisema, "mbona anakungoja wewe?"